Tulivyomzulia Kifo Mzee wa Chapati

Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu amesema hivyo, kaka zangu wamesema hivyo, na mama wa mgahawa wa jirani alisema hivyo mbele ya wateja wangu, siku maji yangu ya kuoshea samaki yalipotiririka hadi mlangoni kwake. Alisema nina mdomo na nina shombo. La mdomo nilimsamehe siku ileile. La shombo nilikaa nalo miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili salamu zetu zilikuwa shikamoo ya kutazama pembeni na marahaba ya kufunga mlango.

Nyuma ya stendi ya Mbinga tuko akina mama sita tunaopika. Vibanda vyetu viko kwenye mstari mmoja, vimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakuambia afya. Mimi nimetokea Kihagara, chini kule ziwani, na ninauza ugali wa muhogo na samaki wanaopanda na gari la asubuhi kutoka Mbamba Bay. Kushoto kwangu yuko dada mmoja Mmatengo, anauza ugali wa mahindi na maharage, na ikifika mchana anakaanga kitimoto, nyama ya nguruwe. Kulia kwangu ndipo ulipo mgahawa ninaotaka kuusimulia. Huo hatuuhesabu kwenye vibanda. Una ukuta wa matofali unaofika juu kidogo ya kichwa, halafu wavu, halafu bati, na ndani una meza sita zenye vitambaa vya plastiki.

Wenyewe ni mzee na mkewe, Waislamu, watu ambao babu zao walitokea pwani na mizigo ya biashara wakanogewa na baridi yetu. Mpishi ni mzee. Mkewe anapokea watu, anabeba sahani na anafuta meza. Jambo hilo liliwachekesha sana Wamatengo wa zamani, mwanamume mzima na kanzu yake kuinamia kibao cha chapati, lakini walipozila wakaacha kucheka. Akitoka kuswali alfajiri anakanda unga, na watu wa basi la kwanza wanapofika, chapati zimeshapangwa kwenye hotipoti na supu ya mbuzi inachemka. Mimi mwenyewe, na mdomo wangu huu, nilikuwa namtuma mtu akaninunulie kwa siri, wenyewe wasijue ni zangu.

Mwaka ule, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, mzee aliinama kukanda na hakuinuka. Kumbe alikuwa na ngiri siku nyingi, anaibana kwa mkanda, hamwambii mtu. Walimpeleka ziwani, kwenye hospitali ya misheni, kwa sababu wiki ile kulikuwa na daktari wa upasuaji, na pia binti yao ameolewa hukohuko, angeweza kumhudumia. Alipasuliwa salama. Ila mzee ana sukari, kidonda kikawa kizito kufunga, wakamwambia atakaa wiki tatu, labda nne. Mama akarudi Mbinga kulinda mgahawa.

Alijaribu kupika, nisimpunje. Siku mbili alijaribu. Siku ya kwanza dereva mmoja wa lori alitaka kuikunja chapati achovye kwenye supu, ikakatika kama kigae. Siku ya pili walikuja watu wanne, wakanywa chai, wakaacha vitafunwa mezani. Siku ya tatu hakufungua. Nilisikia kiti kikiburutwa ndani, kisha kimya, na nilijua kwamba amekaa tu humo peke yake.

Wateja wake walikwenda wapi? Walikuja kwangu. Nasema ukweli, wiki ile niliuza hadi nikaishiwa sahani, na nilifurahi. Nilikuwa naimba huku natoa magamba.

Ikifika saa kumi jioni simu ya mama ilikuwa inaita, mzee anapiga kutoka hospitali. Ukuta unaishia kichwani, juu ni wavu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Siku hiyo ya tatu nilimsikia akisema, kwa sauti ya kuchangamka ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ndiyo, tumefungua. Watu wamejaa, baba. Chapati zimeisha mapema, nimewaambia waje kesho."

Nilichemka. Nilidhani ananipiga kijembe, kwamba anajua nipo hapa nasikia, na anataka nijue hata akifunga bado ni bora kuliko mimi. Nikagonga sufuria makusudi. Kesho yake saa kumi, yaleyale. "Watu wamejaa. Wewe pona tu." Siku ya tano vilevile, na baada ya kukata simu akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kwa pua, mtu anavyolia akiwa hataki jirani ajue, na jirani mwenyewe ni mimi.

Jioni ile nikamuuliza dada wa maharage, maana yeye alikuwa anaongea naye. Akanieleza kwamba daktari alimwambia binti yao kwamba mzee asipewe mawazo, presha inapanda na kidonda hakifungi. Sasa mzee kila siku anauliza mgahawa tu. Haulizi mvua wala wajukuu. Na mama ameshaamua kwamba mwisho wa mwezi atamrudishia mwenye fremu ufunguo wake, kwa sababu haoni tena namna. Mzee hajui. Atapona, atapanda gari, atashuka stendi, atakuta mtu mwingine anauza vocha mahali pa jiko lake.

Nilirudi kibandani nikakaa kwenye ndoo. Nikamwona kichwani mwangu mzee yule akishuka kwenye gari na mkono tumboni. Naomba nisiulizwe kwa nini jambo hilo liliniuma mimi, mwenye shombo. Liliniuma tu. Usiku mzima sikuwa na raha, na asubuhi nilikwenda kwa dada wa maharage nikamwambia, "Tumpikie. Kila mtu na siku yake, kwenye jiko lake, mpaka mzee arudi."

Akanitazama. "Wewe umpikie yule?"

"Mimi."

"Umekunywa nini asubuhi hii?"

Lakini alikubali kabla sijamaliza kumjibu. Shida ilikuwa namna ya kumwendea. Kwetu humfuati mtu mzima peke yako ukamwambia nataka kukusaidia. Hayo ni masimango, hata ukiyasema kwa kupiga magoti. Mnakwenda wengi, ili pasiwe na mtu mmoja wa kushukuriwa wala wa kudaiwa shukrani. Basi tukapatana mstari mzima twende Jumatatu asubuhi, na kwa kuwa ghala lake lilikuwa tupu, kila mmoja aje na chochote. Nikawaambia pia vijana wa bodaboda, maana walikuwa wanaishi kwa chapati za mzee. Dada akawaambia wenzake wa jumuiya ya kanisani. Fundi simu wa pale stendi, anayeswali na mzee, akawaambia watu wa msikitini. Habari ikatembea yenyewe, na mimi nikajiona kiongozi.

Jumatatu kulikuwa na manyunyu. Nikajitanda khanga kichwani, nikabeba sufuria, nikatoka. Nilipofika mbele ya mgahawa nilikuta watu wameshaanza kufika, na nilifurahi jinsi walivyokuwa wengi.

Ngoja niwaeleze walivyokuja, kwa sababu hapo ndipo tulipoharibu. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mtu wa huku akisikia nyumba fulani ina shida, anajua cha kufanya tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Akina mama walikuja na mabeseni ya unga kichwani, wengine maharage, wengine mkungu wa ndizi, wengine mzigo wa kuni. Wamejifunga khanga kiunoni. Watatu walikuja na mikeka, wakaitandika barazani, wakakaa wamenyoosha miguu. Wanaume hawakuingia, walichukua mabenchi kwangu na kwa dada, wakayapanga nje, wakakaa wakiongea polepole. Pikipiki zikapangwa pembeni. Na kwa ajili ya manyunyu, vijana wa bodaboda, kwa moyo wao mwema kabisa, wakaleta turubai wakalifunga kutoka kwenye bati mpaka kwenye mti wa umeme.

Mimi sikuona kitu. Wallahi, na mimi si wa kuapa hivyo, sikuona kitu. Niliona watu wamekuja.

Basi la kwanza likashusha abiria. Wakaja wakikimbilia chai, wakafika kwenye kona, wakapunguza mwendo, wakanyamaza, wakapita. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba. Babu mmoja kutoka Tingi, aliyekuja kuuza alizeti zake, akavua kofia, akasogea, akakaa kwenye benchi. Baada ya muda akamuinamia jirani yake akauliza, "Marehemu alikuwa na umri gani?"

Yule aliyeulizwa alikuwa kijana wa bodaboda aliyechelewa kufika. Akajibu kwa huzuni, "Hata mimi nimefika sasa hivi, babu."

Hayo nilisimuliwa baadaye. Wakati ule nilikuwa mlangoni, natengeneza maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yenye heshima na ya kuomba radhi kidogo kwa yale maji. Nikabisha hodi. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka, na mama akatokea akiwa bado ana tasbihi mkononi.

Akatazama. Akatazama mikeka, akatazama mabeseni ya unga, akatazama wanaume kwenye mabenchi, akainua macho akatazama turubai. Halafu akanitazama mimi.

"Hata wewe umekuja," akasema. "Basi amekufa."

Akakaa chini palepale kizingitini.

Ndugu msomaji kama si wa huku, jua kwamba mtu aliyefiwa ndiye anayeambiwa wa mwisho. Majirani wanaanza kukusanyika, mmoja anashika maji, mwingine anatandika mkeka, na wewe mwenyewe unafungua mlango unakuta watu wako kimya, na hapo hakuna haja ya kuambiwa. Mama yangu aliambiwa hivyo kifo cha baba, Kihagara, kwa kuona tu wanawake wa ufukweni wakipanda njia yetu bila samaki. Nililijua hilo. Nililijua tangu nikiwa mtoto, na bado nilimfanyia mwenzangu.

Na kabla sijapata neno, nyuma yangu mama mmoja aliyefika mwisho, ambaye hakujua lolote ila alichokiona, akaangua kilio. Wa pili akampokea. Wakapokezana mpaka kwenye barabara. Mimi nikapiga kelele, "Hajafa, jamani, hajafa," lakini nani anamsikiliza mtu anayesema hajafa kwenye kilio? Wanajua ni uchungu. Mama mmoja alinishika mabega akaniambia nijikaze.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia dada wa maharage. Nilianza kuamini. Mimi niliyepanga shughuli yenyewe, niliyejua kwa nini kila beseni lipo pale, niliposikia kile kilio nilitua sufuria yangu, nikajishika kichwa. Nikawaza, labda ni kweli. Labda wamepigiwa simu alfajiri na mimi ndiye sijaambiwa. Nikaanza kulia.

Mzee mmoja wa msikitini akanisogelea akaniuliza kwa upole, "Mwili unaletwa huku, au wanazika hukohuko?" Swali lile ndilo lililonizindua. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, hakuna mwili." Nikaingia ndani, nikachukua simu ya mama mezani, nikampigia binti yao.

Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Mama alikuwa ameegemea mlango, halii, anazungusha tasbihi tu, na kila simu inapokata anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia anachokijua. Mara ya tatu hivyohivyo. Nilimchukia yule binti, na wala sikuwahi kumwona. Mara ya nne ikapokelewa.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyelala chali.

"Mzee?"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi jirani. Wa samaki."

Halafu sauti ikabadilika. "Wa samaki? Kwa nini unapiga wewe? Mke wangu ana nini? Niambie tu, binti, nimelala, siwezi kuanguka."

Yaani na yeye. Kama mimi nimeshika simu ya mkewe, basi mkewe amekufa. Nilimwekea mama simu sikioni bila kujibu, nikaweka na sauti kubwa ili wote wasikie. Binti alikuwa amekwenda kufua, akaiacha simu kitandani miguuni, mzee akawa hapafikii. Hakukuwa na kingine.

Mama akaishika simu kwa nguvu. Nje wale waliokuwa mbali bado walikuwa wanalia, walio karibu wanawanyamazisha, pikipiki moja imewashwa, mtoto wa mtu analia mgongoni.

"Mbona kelele hizo?" mzee akauliza. "Ni watu wote hao?"

Mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Akatazama nje, akapitisha macho polepole kutoka benchi la kwanza mpaka barabarani.

"Wateja," akasema. "Wamejaa."

"Basi hudumia watu. Simu tutaongea saa kumi."

Akakata. Wa kwanza kusema alikuwa babu wa Tingi. Alisimama, akavaa kofia yake, akasema kama hakuna msiba na watu wameambiwa ni wateja, yeye hajala tangu jana. Hapo ndipo watu walipocheka. Walicheka wakishikana, wengine machozi hayajakauka, na mama alicheka pia, halafu akainuka akanipiga ngumi ya bega. Kwa kweli alinipiga. "Umeniua wewe," akasema. "Umeniua na shombo lako." Kisha akanishika shingo, akalia sasa vizuri, kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Kazi ilianza hapohapo, maana watu walikuwa na njaa na vyakula vilikuwepo. Tulipika vyakula vya msiba tukaviuza. Dada wa maharage alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama mikono yake, akasema yeye ni mtu wa kitimoto, hawezi kugusa sufuria za watu wa dini. Hakuna aliyemwambia. Akachukua shoka akaenda kwenye kuni, na juma lile lote alikaa kwenye kuni na maji, mtu mwenye kibanda chake, asiguse hata kijiko. Wake wa watu wa msikitini walisimamia jiko. Sisi wengine tulichambua, tulimenya, tuliosha, tulibeba. Mimi mama alinipa sahani, akanikataza samaki. "Ndani humu, hapana," akasema, na nilikubali.

Tukawa tunapeana zamu. Aliyepika kwa mama siku hiyo alifunga kwake mpaka mchana, na wenzake wakamwangalizia wateja. Chapati ndizo zilizotutesa. Hakuna aliyezijua. Mama alianza kukumbuka vitu alivyokuwa anaviona bila kuviangalia, kwamba mzee anafunika donge kwa kitambaa chenye maji, kwamba analiacha mpaka amalize kukata vitunguu vyote. Siku ya Jumatano zilikunjika. Yule dereva wa lori alikula tatu na hakusema kitu, na kwa dereva wa lori huko ni kusifia.

Alhamisi nilishuka ziwani kwa ajili ya samaki. Mama akanipa hotipoti. "Mpelekee," akasema. "Mwambie nimepika mwenyewe." Gari likashuka zile kona, nikaiweka hotipoti mapajani njia nzima, nikashukia hospitali.

Nilimkuta mzee kwenye baraza la wodi, kwenye kiti, shuka magotini. Chini kule ziwa lilikuwa limetulia, watu wanaanika usipa, dagaa wetu, kwenye vichanja. Alikuwa amekonda. Nikapiga goti kidogo, "Shikamoo mzee," akaitikia, nikafungua hotipoti. Akamega kipande, akatafuna taratibu, akatazama ziwa.

"Amepika nani?"

"Mama, mzee. Kwa mkono wake."

"Na jana na juzi?"

Nikajifanya natengeneza khanga yangu. Akatabasamu. Akaniambia kaa hapo, nikakaa kwenye ngazi.

"Nina miaka zaidi ya thelathini na yule mwanamke," akasema. "Sijawahi kumsikia akisema watu wamejaa. Meza zote zikiwa na watu, wengine wamesimama na sahani, ananiambia leo nafuu kidogo. Anaogopa kijicho. Sasa ile siku ya kwanza nilivyompigia akasema watu wamejaa, nilijua pamefungwa. Nikageukia ukutani. Binti yangu akadhani ni kidonda. Kila siku saa kumi nilimuuliza, na yeye kila siku akaniambia wamejaa, na mimi nikasema alhamdulillah. Ningemwambiaje najua? Angekosa cha kuniambia. Lakini uji nilikuwa siuoni kama ni uji. Nilikuwa nasema, nipone nirudi wapi."

"Na Jumatatu, mzee?"

"Jumatatu nilisikia kwa masikio yangu. Mtu anaweza kuzua maneno, hawezi kuzua watu wote wale. Siku ile nilikula." Akamega kipande kingine. "Usimwambie kwamba nilijua."

Nikasema sitamwambia. Na lile la Jumatatu nilikuwa nalo kooni, kwamba wale hawakuwa wateja hata mmoja, lakini nilimtazama anavyotafuna, nikamwambia chapati zinapoa. Nilipanda na samaki wangu na hotipoti tupu.

Alirudi wiki iliyofuata. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu Mbinga haifichi kitu, na kweli hakufika hata mlangoni kabla ya kusikia. Vijana wa bodaboda walimpokea stendi wakimwita mfufuka. Watu walimsalimia kwa kumshika mikono yote miwili, wakakawia kuiachia. Mama mmoja alimgusa shavu. Akapita katikati yao mkono ukiwa tumboni, akaingia, akakuta mlango wazi, moto unawaka, meza tano zina watu. Mkewe akamvutia kigoda karibu na kibao. Alikanda akiwa amekaa, mkewe akasukuma, na asubuhi ile ikaisha hivyo.

Mchana watu walipopungua alikuja kwangu. Hakuwahi kuingia kibandani kwangu tangu nilipokijenga. Nilimfutia benchi, akakaa taratibu.

"Wameniambia," akasema. "Kumbe Jumatatu ile mlikuwa mnanizika."

"Tusamehe, mzee. Ni mimi. Nilitaka kusaidia, nikakosea."

Akainua mkono kuninyamazisha. Alikuwa anatazama mbele ya mgahawa wake, pale ambapo turubai lilikuwa limefungwa. Mabenchi yalikuwa yamesharudi kwa wenyewe, pamebaki udongo tu.

"Mabenchi yalifika wapi?"

"Hapa kwangu, mzee. Halafu yakaisha, wakasimama. Mpaka barabarani."

"Na walikuwa wanalia?"

"Walilia, mzee. Hata mimi nililia."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kulia, mzee wa watu, na mimi nikageuka kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu ili apate nafasi. Alipomaliza alijifuta kwa aproni yake ya unga, uso ukabaki na weupe shavuni, na sikumwambia.

"Miaka yote mimi nilidhani wananunua chapati tu," akasema.